Kondoo wa Namba Saba

Jumatatu, 15 Septemba 1975

Iandikwe na isomwe: tangu watu walipoanza kufuga kondoo katika Iceland hii, hajazaliwa wa kuwachuna ngozi upesi kama mimi, Bárður, mjukuu wa Bibi Ásgerður. Kondoo wakiniona nimeshika kisu huanza wenyewe kufungua vifungo. Mwaka jana dume mmoja alinipigia saluti.

Daftari hili kanipa Bibi. Anasema mtu aliyeacha shule kwa hiari yake aandike walau mstari mmoja kwa siku, la sivyo akili itaota ukungu. "Kwa hiari yake" ni heshima ya Bibi tu. Mwalimu mkuu anaieleza habari hiyo kwa maneno mengine.

Leo machinjio ya vuli yamefunguliwa. Juu, kwenye benchi za kuchunia, tuko wanaume. Chini, chumba cha utumbo, wako wanawake, wanakwangua matumbo na kuyashona mifuko ya kutilia damu na unga. Kila mchunaji ana vibati vyake vya namba. Ukimaliza kondoo unamfunga kibati mguuni, unamtundika kwenye reli, na nyama hiyo inajulikana ni kazi ya nani. Mimi ni saba.

Sasa lililo kubwa. Meneja wetu, Ingjaldur, ametangaza kwamba msimu ukiisha na milango ikifungwa, mtu mmoja atabakizwa chumba cha kukatia nyama mpaka theluji iyeyuke. Atachaguliwa kwa kazi ya mikono yake. Mimi nimeshajichagua, yamebaki maandishi.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua. Kumchuna kondoo aliyelowa ni kama kumvua koti mlevi.

Jumamosi, 20 Septemba

Kolbeinn wa benchi la pembeni kajikata gumba. Damu ikaruka mpaka dirishani. Kabla hajazimia alisema, "Mwambieni mke wangu sikulia," na huku analia.

Nyapara wetu, Össur, akaanza kuruka kama kuku wa jirani. Malori yanangoja, benchi liko tupu, mtu hakuna. Ndipo akapanda ngazi Steinvör wa chumba cha utumbo, aproni imetota, nywele kazifunga kitambaa.

"Nipe kisu," akasema.

Tukacheka wote. Össur akasema, "Binti, huku si mahali pa kushona."

"Naona. Nguo zenu zote zimetoboka."

Baba yake alikuwa mfugaji kule bondeni, hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo Steinvör alichuna tangu utotoni. Alifungua ngozi kwa kisu kidogo tu, miguuni na kifuani, kisha akakiweka kisu mezani. Akaingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, akasukuma, akasukuma, ngozi ikamwachia kondoo kama soksi. Nyama ikabaki na utando wake mweupe, haina hata mkwaruzo. Kicheko kikatuishia kooni mmoja mmoja.

Alipomaliza akauliza kibati chake. Össur akakuna kichwa. "Mwanamke hana kibati. Havijawahi kutengenezwa."

"Basi nimfunge nini? Utepe wa harusi?"

"Mtundike kwa saba. Bárður ana vibati vingi."

Nikainama kama mhudumu wa hoteli. "Karibu ndani ya jina langu, dada. Futa viatu."

Jumatatu, 22 Septemba

Kolbeinn kashonwa, hatashika kisu mwezi mzima. Steinvör kabakizwa juu. Analipwa malipo ya chini, yale ya chumba cha utumbo, kwa sababu, anasema Össur, yuko huku kwa muda tu. Nikamwambia Steinvör hata mimi niko duniani kwa muda tu na bado nalipwa. Hakucheka sana.

Ananitazama ninavyochuna. Mimi napita na kisu kuanzia shingo mpaka mkia kama umeme. Akasema, "Wewe unamchuna au unamwandika?" Kweli, mgongo wa kondoo wangu ulikuwa na mikato kama daftari langu la hesabu.

"Kisu kinafungua mlango tu, mdogo wangu," akasema. "Anayeingia ndani ni ngumi."

Nikamwambia nitafikiria. Mtu wa kiwango changu hafundishwi siku moja.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimejaribu ngumi. Mkono mzima unauma. Bibi kachoma vichwa vya kondoo, nimekula viwili, jicho nimemwachia yeye kwa adabu.

Jumatano, 1 Oktoba

Theluji ya kwanza mlimani. Leo nimepata kondoo watatu safi kabisa kwa ngumi. Nimejisifu, Steinvör akasema, "Watatu safi, na wale wengine walikukosea nini?"

Wakati wa kahawa aliniambia habari zake. Kila mwaka machinjio yakifungwa huku ghubani hakuna kazi, basi yeye hushuka kusini kwenye viwanda vya samaki na kulala bwenini hadi majira ya kuchipua. Binti yake, Una, ana miaka minane, hubaki kwa dada yake Steinvör. Mwaka jana aliporudi, Una alimwita "mama mdogo" kwa bahati mbaya, kisha akaona haya, akajificha nyuma ya kabati.

"Mwaka huu siendi," akasema. "Kile chumba cha kukatia nyama nakitaka mimi."

Nikasema, "Mimi pia nakitaka, dada."

"Najua. Basi tushindane." Akanigongea kikombe.

Sikuwa nimewahi kushindana na mtu anayeninolea kisu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Steinvör kaomba kazi ile waziwazi, mbele ya benchi zote. Össur akaanza kuhesabu vidole. Kule nyama ni nzito. Kule kuna baridi. Kule wanaume wanatukana. Na kule hakuna choo cha wanawake.

"Na nyumbani kwako, Össur, kuna choo cha wanawake?"

Kolbeinn, aliyerudi leo na bendeji kubwa kama kabichi kwa kazi ya kusukuma nyama kwenye reli, alicheka mpaka akakaa chini. Össur akawa mwekundu. Akasema meneja ndiye atakayeamua, kwa kuangalia reli, si kwa kusikiliza ndimi.

"Sawa," akasema Steinvör. "Reli haina ndevu."

Lakini reli ina vibati, na yeye hana hata kimoja. Nimelifikiria hilo njiani kurudi, kisha nikalitupa, upepo ulikuwa mkali.

Jumatano, 8 Oktoba

Bibi ananiuliza kila jioni, "Steinvör amesema nini leo?" Habari zangu hazimhusu tena.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ingjaldur kaja kuitazama reli pamoja na mnunuzi kutoka mjini, bwana mwenye kofia ya manyoya. Steinvör hakuwepo. Chini mashine ya maji ilikuwa imekwama na Össur alimwita yeye, kwa sababu likiharibika la chumba cha utumbo bado yeye ni mtu wa chumba cha utumbo.

Mnunuzi akapita polepole na tochi yake. Pale mlangoni, mahali penye mwanga, akasimama. Kondoo weupe, laini, utando mzima, kama wamevikwa hariri. Akashika kibati.

"Saba ni nani?"

"Bárður huyu hapa," akasema Össur.

Ingjaldur akaja akanishika bega mbele ya watu wote. "Kijana mdogo na mkono wa namna hii!"

Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Kolbeinn alikuwa kasimama nyuma ya reli na kabichi lake mkononi. Alinitazama tu.

Sasa, nitasema nini? Kwenye namba saba kondoo wengine ni wangu kweli, kadhaa ni safi kweli. Walikaa gizani kwa nyuma, wale wa Steinvör wakawa mbele kwenye mwanga. Bahati tu. Bahati haina macho. Na vibati sikutengeneza mimi. Kama kuna mtu wa kulaumiwa ni Össur na mabati yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sina la kuandika.

Jumanne, 14 Oktoba

Kazi ya baridi nimepewa mimi. Bibi kakaanga chapati nyembamba za maziwa, akazikunja na jemu, kisha akauliza, "Na Steinvör?"

"Steinvör ni mwanamke, Bibi, kule hakuna choo."

Bibi akainua sahani, na chapati zangu juu yake, akairudisha jikoni.

Steinvör mwenyewe alinipa mkono. "Hongera, mdogo wangu." Halafu akauliza, si kwa ukali, "Ijumaa, wale wa mbele mlangoni, walikuwa wa nani?"

Nikafanya mzaha. Nikasema wakishachunwa kondoo wote hufanana, kama wanaume bafuni. Alicheka kidogo. Kisha akachukua kisu changu akakinoa kama kila siku, akanirudishia upande wa mpini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Chini hawazungumzi lingine. Tarehe ishirini na nne wanawake wa nchi nzima watapumzika. Hawataenda kazini, hawatapika, hawatafua, hawatalea. Hawasemi mgomo, wanasema mapumziko, maana mgomaji hufukuzwa, lakini mtu aliyepumzika utamfukuza kwa lipi? Wanataka waume, wakubwa na taifa waone ni nini kinachosimama wao wakikaa.

Össur kapiga kelele ngazini kwamba atakayeondoka siku hiyo asirudi.

"Vizuri," Steinvör akamjibu kutoka benchi lake, bila kuinua kichwa. "Utayashona wewe matumbo. Nitakuachia sindano."

Jioni Bibi akasema naye atakwenda kwenye mkutano ukumbini.

Nikamwambia, "Lakini Bibi, wewe huna kazi."

Alikuwa amebeba ndoo ya makaa, anatoka kulisha jiko, mkate wangu uko tanuruni, soksi zangu ziko kwenye kamba juu ya jiko, suruali yangu iko begani kwake inangoja kiraka. Aliweka ndoo chini.

"Ndiyo maana nakwenda," akasema.

Ijumaa, 24 Oktoba

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke, na umeshachoka.

Nimeamka jiko limezimika. Bibi hayupo, koti lake la kanisani halipo. Mezani kaacha kitunguu kimoja. Kitunguu kibichi! Mtu akikuachia kitunguu ana neno nawe.

Machinjioni chumba cha utumbo kitupu, kimya, matumbo yamerundikana yanatoa mvuke. Össur kaja na watoto wake wawili kwa sababu mkewe naye anapumzika. Mvulana kavaa viatu vya dada yake, msichana hajachanwa nywele. Kila baba kaja na watoto wake. Watoto wanakimbizana kati ya reli, mmoja kapotea kidogo tukamkuta amelala kwenye ngozi.

Binti wa Össur akamwuliza, "Baba, mbona mama Steinvör hayupo?"

"Kapumzika."

"Wewe hupumzika lini?"

"Kila Jumapili."

"Na mama hupumzika lini?"

Össur akamwambia akacheze.

Nikajitangaza. Nilisema, naomba ishuhudiwe, kwamba kushona matumbo ni kazi ya vidole vyepesi na hakuna vidole kama vyangu kaskazini yote. Nikashuka. La kwanza nilikwangua kwa nguvu, likapasuka usoni kwangu, na ndani yake kulikuwa na kila nyasi aliyowahi kula. La pili nilishona vizuri sana, mishono midogo, safi, nikaita watu waje kuona. Nilipoliinua likaja na mkono wa koti langu. Kolbeinn akasema nivae hivyo hivyo kwenda dansi.

Mpaka mchana tulikuwa tumeshona machache, nusu yake yanavuja, na Össur kakaa juu ya ndoo anatazama sindano kama imemtukana. "Wanafanyaje kwa siku nzima?" akasema, na hakuwa anamuuliza mtu.

Nikarudi juu kuchuna. Ilikuwa zamu yangu, na benchi la Steinvör likawa langu pia. Kisu hakikunolewa, nilikuwa sijawahi kukinoa mwenyewe msimu huu wote. Nikalazimisha, nikasahau ngumi, nikaanza kumwandika kondoo. Ingjaldur akapita. Akatazama namba saba za leo, migongo imechanika, akageuza kibati mara mbili.

"Ulishika kisu kwa meno?"

"Mkono unauma, bwana."

Hiyo ilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine ndogo inaweza kukaa mbele ya kubwa ikaiziba.

Jioni nikanunua soseji dukani, ya mwisho. Baba mmoja alitaka kuigombania. Nikapitia ukumbini nikiila baridi. Madirisha yote yalikuwa na mvuke, wanawake wa ghuba nzima wako mle, wanaimba. Nikapangusa kioo. Bibi kakaa safu ya mbele, kavua viatu, miguu kaiweka juu ya kiti kingine. Sijapata kuona nyayo za Bibi zikiwa zimekaa.

Steinvör akasimama. Hakuwa na karatasi.

"Mimi nimechuna kondoo msimu mzima," akasema. "Malori na malori. Na ukienda sasa hivi kwenye reli ukatafute kondoo mmoja aliyechunwa na mimi, hutampata. Hayupo. Walikwenda kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu langu halina bati."

Hakulitaja jina la huyo mtu mwingine. Ningependa angelitaja. Ningependa akina mama wote wageuke dirishani wanizomee, nirudi nyumbani tumelipana.

Alipoketi, Una akapanda magotini kwa mama yake. Aliniona kwenye kioo, akanipungia mkono.

Jumamosi, 25 Oktoba

Wanawake wamerudi kazini wote. Össur kasimama ngazini, kisha kasogea wapite. Steinvör akanyoosha mkono, nikampa kisu changu. Alikipitisha kwenye kucha. "Maskini," akasema, na sijui alimwambia nani.

Saa ya kahawa nilipanda ofisini kwa Ingjaldur. Nikafunga mlango. Nikamwambia wale kondoo wa mnunuzi walikuwa wa Steinvör, si wangu, kazi ni yake.

Hakushangaa. "Kolbeinn kaniambia siku ile ile," akasema.

"Sasa?"

"Sasa nini, kijana? Chumba kile hakina pa kubadilishia nguo mwanamke."

"Nipe mbao. Nitapiga ukuta kesho."

Akatabasamu kama watu wanavyowatabasamia mbwa wadogo. Akasema kama sitaki kazi atampa mpwa wake Össur, orodha iko pale, na msimu ujao tutaangalia. Kisha akasema lililonichoma: "Ungeyasema haya mbele ya mnunuzi ningebanwa, kweli. Alitaka amwone mwenye mkono ule. Sasa ameshaniona mimi na wewe, na ameshaenda."

Nikatoka. Kazi sikuikataa. Nimejiambia nikikataa itakwenda kwa mpwa wa Össur, ambaye hata mkate anaukata vibaya. Hoja hiyo ni nzuri sana. Nimeirudia mara nyingi, ndiyo maana najua ni nzuri.

Jumatano, 29 Oktoba

Kondoo wa mwisho. Tumeosha benchi.

Nimetengeneza kibati. Bati la kopo, nimelikata, nimeligongea herufi kwa msumari: STEINVÖR. Herufi mbili zimelala, ile yenye nukta imenishinda kabisa, lakini linasomeka. Nikampelekea.

Alipitisha kidole kwenye herufi zilizolala. "Msimu umekwisha, Bárður. Nitalitundika wapi?"

"Mwaka ujao, dada."

"Mwaka ujao." Akalitia mfukoni. "Kunoa kisu nimekufundisha?"

"Hapana."

Akanifundisha, pale pale, tumesimama kwenye maji. Pembe ya kisu, uzito wa mkono, pumzi. Alikuwa na basi la kesho alfajiri na nguo hajafunga, na alinifundisha mpaka nikaweza.

Alhamisi, 30 Oktoba

Basi limeondoka. Upepo wa kaskazini.

Jumapili, 2 Novemba

Kesho naanza chumba cha kukatia nyama. Leo Bibi kamwalika Una kula mchuzi wa kondoo, na amesema itakuwa hivyo kila Jumapili mpaka mama yake arudi, na mimi ndiye nitakayeosha vyombo. Nimeosha. Jiko nimeliwasha mimi. Suruali nimetia kiraka mwenyewe, kimekaa upande, Bibi kakitazama hakusema kitu, kwake hiyo ni medali.

Una alinifuata kwenye beseni akiwa na taulo. Anapangusa kila sahani pande zote mbili, taratibu, kama mama yake.

"Mama anasema wewe ulikuwa mwanafunzi wake mzuri," akasema.

"Mama yako mwongo mtamu."

"Na anasema nisikasirike. Anasema ilikuwa bahati tu, kondoo wake walitokea mbele, wako wakatokea nyuma." Akashika sahani kifuani. "Ni kweli ilikuwa bahati?"

"Ndiyo," nikasema. "Bahati."

Akaridhika. Akachukua sahani nyingine.

Una sasa kalala kwenye kochi, kesho asubuhi nitamrudisha kwa mama yake mdogo. Mimi nimebaki na daftari, na nimerudi nyuma kuisoma ile tarehe kumi. Nimeandika "bahati" pale kwa mwandiko mzuri kuliko ukurasa mwingine wowote. Vibati ni vya Össur, pa kubadilishia nguo ni pa Ingjaldur, hayo nawaachia wenyewe wayabebe. Langu ni hili. Asubuhi ile nililiona gari la mnunuzi likiteremka mlimani kabla ya wengine, na Steinvör alikuwa ameshaitwa chini. Nilikwenda kwenye reli peke yangu. Nikawasukuma kondoo wangu nyuma gizani, mmoja mmoja, nikawavuta wa kwake mbele mlangoni kwenye mwanga, nikageuza vibati vitazame nje.